Maswali ya Wasomaji: Uyoga wa Kwenye Magogo na Visiki

Masika yakikolea, maswali ya uyoga hujaa. Safari hii tumechagua yanayohusu uyoga unaoota kwenye mti uliokufa: gogo, kisiki, tawi lililoanguka, hata nguzo. Majina ya kisayansi tumeyaweka makusudi, ili msomaji wa Tanga na wa Kakamega wawe na hakika kwamba wanazungumzia kitu kimoja.

Gogo la mwembe limejaa uyoga mweupe

*Shikamooni wahariri. Nyuma ya nyumba yetu hapa Muheza kuna gogo la mwembe lililoanguka mwaka juzi. Baada ya mvua za wiki iliyopita umeota uyoga mweupe, umepandana ngazi kwa ngazi, kofia kubwa zinafika upana wa kiganja. Jirani anasema ni mamama, uleule unaouzwa sokoni. Nitajuaje kwa hakika kabla sijaupika?*

Marahaba. Mamama ni Pleurotus, na makao yake hasa ni miti ya majani mapana iliyokufa, kwa hiyo gogo la mwembe ni mahali pake. Ila mahali peke yake hapatoshi. Chukua kisu, kata kichwa kimoja kizima pamoja na pale kinaposhikana na gome, kisha ukigeuze. Watu wengi hutazama juu ya kofia, na juu ya kofia ndiko kunakodanganya zaidi.

Chini utaona matamvua, yaani vijikunjo vyembamba vilivyosimama sambamba kama kurasa za kitabu kilichofunuliwa. Kwenye mamama matamvua hayakomi pale shina linapoanza. Hushuka nalo, yakipungua kimo taratibu mpaka yanatoweka. Shina lenyewe ni fupi na liko pembeni mwa kofia, au halipo kabisa. Halina pete wala kikombe chini. Nyama ni nyeupe na laini, ukiivuta inachanika kwa nyuzi, na harufu yake ni nzuri, wengine husikia bizari tamu kwa mbali. Ukikuta pete, matamvua ya kahawia, au shina lililosimama katikati ya kofia, basi unachotazama si mamama, hata kama kimeota kwenye gogo hilohilo.

Halafu chukua chapa ya spora, yaani alama ya vumbi laini la uzazi ambalo uyoga hudondosha kutoka kwenye matamvua. Hiki ndicho kipimo tunachokisisitiza kuliko vingine. Rangi ya kofia hubadilika kwa jua, mvua na umri, lakini rangi ya spora haiyumbi hivyo. Chagua kofia iliyokomaa ambayo bado haijalegea. Kata shina usawa wa matamvua, kisha laza kofia, matamvua yakitazama chini, juu ya kipande cha kioo safi. Dondoshea tone moja la maji mgongoni mwa kofia, funika kwa bakuli, acha saa 6 hadi 12 mahali pasipo na upepo. Ukifunua utakuta vumbi laini limechora mistari ya matamvua. Kioo ni bora kuliko karatasi kwa sababu unaweza kukiweka juu ya kitu cheupe, kisha juu ya kitu cheusi. Spora nyeupe kwenye karatasi nyeupe hazionekani, na watu husema uyoga haukutoa kitu. Kwangua vumbi hilo kwa wembe ulikusanye pamoja ndipo usome rangi yake, maana tabaka jembamba hupotosha.

Chapa ikikosekana, mara nyingi sababu ni moja kati ya hizi: kofia ilikuwa changa mno, ilikuwa imeloa ikatoa maji badala ya vumbi, ilikaa kwenye jokofu, au ilikuwa na funza. Rudia kwa kofia nyingine. Usikisie.

Chapa ya mamama ni nyeupe, au nyeupe yenye dalili ya zambarau au kijivu. Ikitoka ya kahawia na vichwa ni vidogo, sentimita 1 hadi 5, laini na bila shina, huo ni Crepidotus, mdogo unaofanana sana na mamama changa na hauna sifa ya chakula. Chapa ikiwa nyeupe lakini kofia ina shimo katikati mfano wa faneli na nyama haichaniki kirahisi, fikiria Lentinus. Lentinus squarrosulus huliwa sehemu nyingi za Afrika ukiwa mchanga, ukikomaa hautafuniki. Na kama vichwa havizidi sentimita 4, juu vina manyoya ya kijivu, na kila tamvua limepasuka kwa urefu wake kuwa mawili yanayojikunja, huo ni Schizophyllum commune. Tazama mpasuko huo kwa lenzi ya mkono inayokuza mara 10. Ukiuona mara moja hutausahau.

Kuna tahadhari mbili. Kwanza, chapa nyeupe huondoa wadanganyifu wenye spora za rangi, lakini haithibitishi kwamba uyoga unaliwa. Australia kuna Omphalotus nidiformis, unaoota kwenye mbao, wenye umbo la mamama na chapa nyeupe, na anayeula hutapika vibaya. Pili, gogo likiwa la msonobari, liache. Katika nchi za kaskazini mwa dunia kuna uyoga mweupe mwembamba wa kwenye misonobari, Pleurocybella porrigens, ambao Wajapani waliula kwa vizazi. Mwaka 2004 uliua watu zaidi ya 10 huko Japani, wengi wao wakiwa na maradhi ya figo tangu awali.

Sifa zote zikikubaliana, na mtu anayeujua mamama wa eneo lenu akaukubali akiwa ameushika mkononi, pika vizuri na kula kidogo tu mara ya kwanza. Weka kichwa kimoja kibichi kwenye jokofu kwa siku mbili. Likitokea la kutokea, daktari atakuwa na kitu cha kuonyesha mtaalamu.

Sarafu ya fedha na kitunguu saumu

*Bibi yangu huchemsha uyoga pamoja na sarafu ya fedha au punje ya kitunguu saumu. Ikiwa nyeusi, anamwaga. Pia anasema ulioliwa na konokono au nyani hauna sumu. Tuendelee hivyo? (Msomaji, Iringa)*

Hapana, msiendelee. Fedha huwa nyeusi ikikutana na salfa, na salfa imo hata kwenye yai la kuchemsha. Kitunguu hubadilika rangi kwa sababu zake. Konokono hutafuna uyoga unaoua binadamu na akaenda zake, kwa sababu mwili wake si wetu. Kumenya, kukausha, kutia chumvi au siki, na kuchemsha na kumwaga maji, vyote haviondoi amatoksini, sumu iliyo katika uyoga hatari kuliko wote. Sumu hiyo haivunjwi na moto wa jikoni.

Lakini msimdharau bibi. Mama wa miombo anayechuma uyoga uleule, kwenye mti uleule, msitu uleule, tangu utotoni, anaujua uyoga huo kuliko sisi wenye darubini. Kaeni naye awaonyeshe uyoga wenyewe, mmoja mmoja, juu, chini na shinani. Kinachoua ni kanuni ya jumla inayodai kupima uyoga wowote, na kuhamisha ujuzi wa msitu mmoja kwenda msitu mwingine.

Masikio kwenye mparachichi

*Habari zenu. Huku Kakamega matawi makavu ya mparachichi yameota vitu vya kahawia, laini, kama masikio. Jua likiwaka vinakauka kabisa, mvua ikinyesha vinafufuka. Vinaliwa? Na nikivikausha vitadumu?*

Maelezo yako yanaelekea kwa Auricularia. Kufufuka baada ya mvua ni dalili kubwa. Thibitisha hivi: hauna matamvua wala matundu chini, upande mmoja ni laini unaong'aa na mwingine una vinyweleo, na ukikunja kipande kinakunjika na kurudi bila kuvunjika. Auricularia cornea ina vinyweleo vya kijivu vinavyoonekana kwa macho upande wa nje. Hapo ndipo unapoutofautisha na uyoga wa vikombe vya kahawia, Peziza na jamaa zake: hao ukiwakunja wanavunjika papo hapo, na wakiliwa bila kuiva hudhuru. Ikiwa ni jeli nyeusi iliyonata kwenye gome bila umbo la sikio, iache.

Auricularia huliwa, na hukaushwa vizuri kuliko uyoga mwingi. Osha mchanga, tandaza juani kwenye wavu mpaka usikie unagonga ukiudondosha, weka kwenye chupa yenye mfuniko.

Hatari iko kwenye kuloweka, na hili tunaomba lisomwe mara mbili. Saa moja au mbili zinatosha. Usiuloweke kutwa wala usiku kucha kwenye joto la jikoni. Bakteria aitwaye Burkholderia gladioli anaweza kuzaliana humo na kutengeneza asidi ya bongkreki, sumu isiyoharibiwa kwa kuchemsha. China imepoteza watu kwa masikio yaliyolowekwa muda mrefu. Sumu hiyohiyo ndiyo iliyokutwa kwenye pombe ya kienyeji iliyoua watu 75 nchini Msumbiji Januari 2015. Loweka kiasi cha mlo mmoja, mwaga maji yake, pika uive. Uliobaki umelowa na kuanza kuteleza utupe.

Vishada vya rangi ya asali, na chai inakufa

*Wahariri, nina chai hapa Kericho. Kando ya kisiki cha mti wa zamani wa kivuli umeota uyoga wa rangi ya asali kwa vishada, una pete shinani. Michai iliyo karibu inanyauka mmoja baada ya mwingine. Kuna uhusiano?*

Upo uwezekano mkubwa, na usingoje. Rangi ya asali, vishada, pete, na chapa nyeupe ya spora ni sifa za Armillaria, kuvu anayeishi kwenye visiki na mizizi mikubwa iliyofia ardhini, kisha akahamia kwenye mizizi mizima. Chimba mchai ulionyauka, bandua gome la mzizi mkuu karibu na usawa wa ardhi. Ukikuta utando mweupe mzito kati ya gome na mti, wenye harufu kali ya uyoga, umempata. Wakati mwingine gome hupasuka kwa urefu hapo chini. Huenda pia ukaona kamba nyeusi nyembamba zilizolala kwenye mzizi; hizo ndizo njia zake za kusafiri. Umebahatika kuuona uyoga wenyewe, maana shamba linaweza kuliwa miaka kadhaa bila hata kichwa kimoja kutokea.

Ng'oa mchai uliokufa pamoja na mizizi yake yote, mpaka ile ya unene wa penseli. Michai inayoupakana, hata kama bado ina kijani, ifukue shingo uikague. Ondoa na kisiki chenyewe. Choma vyote palepale; ukiviburuta shambani unamsambaza adui. Kosa la kawaida ni kung'oa kilichokufa na kupandia siku hiyohiyo. Mche mpya unakuta vipande vya mizizi vilivyobaki, nao unaambukizwa.

Miti ya kivuli iliyobaki, ukitaka kuiondoa siku zijazo, usiikate ghafla. Ivue gome kuzunguka shina lote, mkanda wa upana wa kiganja, mwaka mmoja au miwili kabla. Majani yataendelea kufanya kazi huku mizizi ikikosa chakula kutoka juu, na itatumia wanga wake wote mpaka uishe. Mti ukifa hivyo, Armillaria hukuta mizizi mitupu na kuvu wengine wasio na madhara huitangulia. Ukiukata ukiwa na nguvu zake, unamwachia ghala lililojaa. Mbinu hii ilianzia mashamba ya chai ya Malawi ya sasa miaka ya 1930, na mantiki yake bado ni ileile.

Kuhusu kuula: usipoiva sawasawa unasumbua tumbo, na ulivyo wa kahawia kwa vishada una wadanganyifu wengi. Shughulika na chai kwanza.

Uyoga mgumu unaouzwa kama dawa

*Mtu anapita mtaani Bukoba na unga wa uyoga mgumu wa kwenye visiki, anasema unatibu saratani na kisukari. Ni uyoga gani?*

Unga hautambuliki, na hilo peke yake ni sababu ya kutoununua. Huenda ni Ganoderma. Ukiukuta mzima utaujua: mgumu kama ubao, umeota bila shina au kwa shina la pembeni, juu nyekundu-kahawia inayong'aa au kijivu iliyokunjamana, chini una matundu madogo sana badala ya matamvua. Kwenye Ganoderma applanatum upande wa chini ni mweupe, ukiukwaruza kwa ukucha unakuwa kahawia palepale. Mara nyingi majani yaliyo jirani yamefunikwa vumbi la kahawia, ambalo ni spora zake. Hakuna ushahidi wa kutosha kwamba unatibu saratani wala kisukari. Mgonjwa anayemeza dawa za kuzuia damu isigande asiuguse bila kumweleza daktari wake.

Kisiki cha Ujerumani

*Salamu kutoka karibu na Munich. Kwenye kisiki msituni nimekuta uyoga wa kahawia kwa vishada, kofia sentimita 3 hadi 6, shina lina pete. Rafiki yangu Mjerumani anauita Stockschwämmchen na huupikia supu. Nimetoa chapa ya spora, imekuja ya kahawia. Niule?*

Usiule, dada. Hapa chapa ya spora haikusaidii. Stockschwämmchen ni Kuehneromyces mutabilis, na kweli huliwa. Lakini Galerina marginata, ambao Wajerumani huuita Gifthäubling, nao ni wa kahawia, una pete, una spora za kahawia, huota kwenye mti uliooza, na unaweza kuota kwenye kisiki kilekile, kichwa kimoja kando ya kingine. Huo una amatoksini zilezile za Amanita phalloides, uyoga wenye sumu ya kuua.

Tofauti iko chini ya pete. Kwenye Kuehneromyces shina limejaa magamba madogo ya kahawia yaliyosimama nje. Kwenye Galerina shina ni laini, lina nyuzi za rangi ya fedha zinazokwenda kwa urefu. Kofia ya Kuehneromyces hukauka kuanzia katikati, ikabaki na rangi mbili zinazotengana waziwazi: katikati hafifu, ukingoni nyeusi zaidi. Ukiusugua, Galerina mara nyingi hunuka unga. Tatizo ni kwamba mvua na vidole huyaondoa magamba, na uyoga uliozeeka hupoteza pete. Mtaalamu hukagua kichwa kimoja kimoja, kila kimoja kikiwa na shina lake zima. Akikuta shina limekatwa, anakitupa.

Ujerumani ina washauri waliofanyiwa mtihani, Pilzsachverständige, na jiji la Munich lina huduma ya ushauri wa uyoga wakati wa msimu. Wapelekee kikapu chote.

Nguzo ya umeme

*Chini ya nguzo ya zamani ya umeme umeota uyoga mzuri sana. Kuna ubaya? (Msomaji, Makambako)*

Upo. Nguzo nyingi za mbao hutiwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki, au kreosoti, na uyoga hunyonya metali kutoka pale unapoota. Vivyo hivyo mataruma ya reli, mbao za ujenzi zilizotibiwa, na visiki vilivyopuliziwa dawa ya kuua magugu. Hata uwe mamama halisi, uache.

Picha ya simu inatosha?

*Nikiwapigia picha mtanitambulishia? Na kama mtu ameshakula na anaumwa, afanye nini?*

Tuanze na anayeumwa: aende hospitali sasa hivi, asingoje kutapika kuishe. Asipewe maji ya chumvi wala mafuta ya kumtapisha. Chukueni mabaki ya uyoga mbichi, mabaki ya chakula, hata matapishi kwenye chombo, na mwambieni daktari saa aliyokula na saa alipoanza kuumwa. Maumivu yakianza ndani ya saa moja au mbili, mara nyingi ni sumu ya tumbo. Yakianza baada ya saa 6 hadi 24, hofu ni amatoksini, na hapo kuna mtego: siku ya pili mgonjwa anaweza kujisikia nafuu na kurudi nyumbani, kumbe ini linaharibika. Nafuu hiyo isiwazuie kubaki hospitalini. Na wote waliokula sufuria moja waende, hata asiyeumwa.

Picha husaidia kupunguza uwezekano, haitoshi kuruhusu mlo. Programu za simu nazo zina kikomo hichohicho, hazioni chapa ya spora wala hazinusi. Ukipiga, piga juu, chini, shina zima hadi linaposhika mti, na kichwa kilichopasuliwa katikati, huku rula au sarafu ikiwa kando.

Kwa jibu la uhakika, peleka sampuli kwenye idara ya botania ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au hifadhi ya mimea ya Afrika Mashariki iliyo kwenye Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi. Funga kwenye karatasi, si mfuko wa plastiki, maana ndani ya plastiki uyoga hutoka jasho na kuoza kabla ya jioni. Safari ikiwa ndefu, kausha kwa hewa ya joto la nyuzi 40 hadi 45, usiubanike juu ya moto, mpaka uvunjike kwa sauti. Weka na chapa ya spora. Andika tarehe, mahali, aina ya mti, kama umesimama au umeanguka, na namna unavyooza: mti uliogeuka mweupe na wa nyuzinyuzi umeliwa na kuvu tofauti na ule uliogeuka kahawia na kukatika vipande vya mraba. Mamama, Auricularia na Ganoderma huacha uozo mweupe. Laetiporus, ule wa manjano na rangi ya chungwa unaopangana matabaka, huacha wa kahawia. Kipande cha mti huo uliooza, ukubwa wa kidole, kiweke kwenye bahasha hiyohiyo.